Hodi ya Tatu

Mimi mdomo wangu haunyamazi mpaka uombwe, na hata ukiombwa hufikiria kwanza. Kwa hiyo nikikwambia kwamba siku moja, mchana kweupe, nilisikia hodi mlangoni kwangu nikakaa kimya kama sipo, ujue halikuwa jambo dogo. Hodi yenyewe ilikuwa ya wifi yangu, basi ngoja nianze na yeye.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Anashona mavazi katika ukumbi wa michezo ya kuigiza, ukumbi huohuo ambao mimi nakata tiketi dirishani. Waigizaji wanamwita Mama Pini, kwa sababu kutwa nzima ana pini nne tano midomoni, na akitaka kusema anazisogeza pembeni kwa ulimi, anasema lake, kisha anazirudisha. Hajawahi kujichoma. Mimi nilijaribu mara moja tu kumwonyesha kwamba si kazi ya ajabu, nikashindwa kula chochote chenye chumvi siku mbili.

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya jukwaa. Kina meza ya kukatia, kioo kilichopasuka pembe, cherehani ya kukanyaga kwa miguu yenye kelele za kuamsha mtaa, na kamba ndefu ambayo majoho ya wafalme yananing'inia bega kwa bega na matambara ya ombaomba. "Hapa kwangu wote wanapigwa pasi moja," husema. Hakuolewa, hana mtoto, anaishi chumba kimoja mtaa wa pili kutoka ukumbini na anapikia kisufuria ambacho mimi ningechemshia yai. Thubutu umwonee huruma! Atakuuliza huyo mpweke ni nani, yeye ambaye anagombana na cherehani tangu asubuhi hadi jua linapozama.

Lakini mimi ni wifi yake, namjua. Kwa miaka minne yeye na mume wangu, ndugu wawili wa tumbo moja waliobaki duniani, hawakuwa wakisemezana. Kwangu alimwita "huyo mtu wako". Mume wangu naye alimwita "mwenzako wa kazini". Nami katikati yao kama nyama ya sambusa... la, kama karatasi kati ya chungu na kifuniko, naungua pande zote. Na sasa wifi alikuwa ametangaza kwamba mchezo huu mpya ukimalizika anaacha kazi, anahamia mji wa mbali kwa binamu yao mjane, arudi au asirudi Mungu ndiye ajuaye. Alishaanza kufunga masanduku yake ya nyuzi. Nikawa nahesabu Jumapili zilizobaki. Akiondoka bila neno na mdogo wake, nilijua watakuja kuonana msibani, na mmoja wao atakuwa hawezi kujibu.

Utauliza walikosania nini. Shamba? Urithi? Hata! Walikosana kwa sababu ya kukoroma.

Ilikuwa hivi. Wifi tangu usichana wake alitaka kuigiza. Akaambiwa ana mikono mizuri ya kushona, akapewa sindano. Alikaa pembeni ya jukwaa miaka na miaka akipindisha pindo, na maneno yote ya michezo yote yakamwingia kichwani. Siku moja mwigizaji mkuu wa kike akaamka sauti imekauka, hata "maji" hawezi kutamka. Mwongozaji wetu, ambaye tunamwita Bwana Kimya kwa kuwa neno hilo hulipigia kelele kuliko mtu yeyote, akazunguka ukumbi ameshika kichwa, mpaka wifi alipotoa pini mdomoni na kumwambia, "Mimi nayajua." Akavalishwa gauni aliloshona mwenyewe, akatoka.

Jamani, alikuwa mzuri! Nisiseme uongo, niliacha dirisha langu wazi nikaenda kuchungulia. Aliigiza mama aliyebaki peke yake katika nyumba tupu, na mume wangu nilikuwa nimemketisha mstari wa mbele, katikati, amwone dada yake vizuri. Nilisahau jambo moja tu. Mume wangu ni mwokaji mikate. Huingia kazini saa tisa usiku, na alikuwa hajalala tangu jana yake. Wifi akafika kwenye maneno ya mwisho, ukumbi kimya, watu wameshika leso. Akanyoosha mikono akasema, "Kuna mtu anayenisikia?"

Kutoka mstari wa mbele, katikati, likaja jibu: "Khrrrooo!"

Ukumbi uliangua kicheko mpaka viti vikalia. Wifi alisimama mdomo wazi, mikono bado imenyooka. Pazia likafungwa. Hakuyamalizia maneno yake, na tangu siku hiyo hakukanyaga jukwaa ila kuokota kifungo.

Kesho yake mume wangu alikwenda kumwomba radhi kwenye chumba chake cha kazi, amebeba mkate wa moto kwapani. Alisikia cherehani inanguruma ndani. Akapiga hodi. Cherehani ikanyamaza. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, akangoja, akarudi nyumbani na mkate wake, akaukata akaula mwenyewe wote bila chai. "Alikuwamo," aliniambia. "Nimepiga tatu. Mama alitufundisha hodi ni tatu, usipokaribishwa uondoke na heshima yako." Nikamwambia rudi. Akasema mwenye nyumba keshajibu. Na ukaidi wa ukoo ule, mwenzangu, ungeuzwa kwa kilo tungekuwa matajiri.

Sasa turudi kwenye mchezo mpya. Ulikuwa mchezo wa huzuni, wa mzee mmoja fundi saa. Mkewe amekufa, watoto wameenda zao, dukani hakuna anayeleta saa, na rafiki yake pekee amemnunia kwa neno alilolitamka mzee miaka mingi nyuma. Mwishoni mzee anatengeneza saa ya ukutani ya yule rafiki, iliyokuwa imelala dukani kwake tangu walipokosana, anaibeba kwenye mvua hadi mlangoni kwake. Anapiga hodi. Rafiki yumo ndani, sisi watazamaji tunamwona kakaa kitini, hajibu. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Mzee anaiweka saa kizingitini, anakwenda kuketi kwenye benchi la barabarani, na hapo ndipo roho inamtoka. Rafiki anakuja kufungua baadaye. Saa inatembea, mwenyewe hayupo.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilimkuta wifi analia juu ya koti la fundi saa.

"Unaliloweka?" nikamuuliza.

"Vumbi," akasema, na pini zikamdondoka zote tano. Hapo nikajua kuna jambo.

Bwana Kimya alikuwa ameagiza koti chakavu, lililotoboka kiwiko. Wifi akalitoboa kiwiko kama alivyoambiwa, lakini kwa ndani akalitia bitana ya sufu, nzito, ambayo hakuna mtazamaji angeiona. Mwigizaji mkuu akalalamika anatoka jasho kama yuko kwenye tanuri.

"Mzee atapata baridi," wifi akasema.

"Mzee yupi?"

"Fundi saa. Si ananyeshewa?"

"Mama Pini, mvua yenyewe ni mchele unaotikiswa kwenye karai!"

"Hata hivyo," akasema wifi, na bitana haikutoka. Wiki iliyofuata akamfumia soksi. Nikamtania kwamba hatimaye amepata mchumba, na ni wa kwenye makaratasi. Hakunijibu kwa tusi, na hilo ndilo lililonitia hofu. Wifi asiyetukana ni mgonjwa.

Mchezo ukaanza kuonyeshwa, kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili saa kumi jioni, kwa wiki tatu. Watu walikuja. Wifi alikaa pembeni ya jukwaa na sindano yake, na kila ilipofika sehemu ya hodi nilisikia kwamba anang'ata kitambaa. Wiki ya kwanza ikapita. Jumamosi ya pili, ukumbi umejaa, mzee akafika mlangoni kwa rafiki yake.

"Hodi!" Ya kwanza huwa na sauti ya mtu anayejua anakuja kwa nani.

"Hodi..." Ya pili imepungua.

"Hodi." Ya tatu ni kama anaomba msamaha kwa kuwa hai.

Na kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya kusikika hadi dirishani kwangu: "Karibu! Karibu, mzee wangu, ingia ndani!"

Loo! Fikiria mwenyewe. Ukumbi mzima ulikuwa umebanwa na neno lilelile, maana ni nani aliyelelewa akalelewa anayeweza kusikia hodi tatu asijibu? Watu wakalipuka. "Ingia, mzee!" "Ameshakukaribisha!" Bibi mmoja nyuma akasimama na kumtukana yule rafiki kitini, kwamba hana haya, hana adabu, na kiti avunjikiwe nacho. Rafiki mwenyewe akawa hajui akae au afungue. Bwana Kimya pembeni anafungua mdomo bila kutoa sauti, kwani mchezo unaendelea, na neno lake pekee haliwezi kutumika.

Mwigizaji mkuu ndiye aliyetuokoa. Miaka thelathini jukwaani si mchezo. Akainama, akatega sikio, akatabasamu kwa uchungu. "Masikio ya uzee," akasema polepole, "husikia kile yanachokitamani." Akaiweka saa chini akaenda kwenye benchi lake akafa. Watu walilia siku ile kuliko siku zote.

Pazia lilipofungwa Bwana Kimya akapata sauti yake. Wifi alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa. Hakumfukuza, maana nani angefunga vifungo vya watu kumi na wanne? Akatoa amri moja: kila ikikaribia sehemu ya hodi, Mama Pini atoke nyuma ya jukwaa aende kukaa na mkata tiketi, na mkata tiketi amzibe mdomo. Kupewa mimi kazi ya kumnyamazisha mtu! Hata yeye Bwana Kimya alipomaliza kusema alicheka.

Basi akawa anakuja. Kibanda changu ni cha kiti kimoja na kigoda, na kwa kuwa ukumbi wetu ni wa zamani na lango liko ubavuni, ukuta wangu ndio ukuta wa jukwaa. Ijumaa ya mwisho alikaa kigodani, akaziba masikio, ikapita. Jumamosi hakuziba.

"Hodi!" ikaja ukutani.

Akashika ukingo wa meza yangu.

"Hodi..."

"Wifi, usiseme kitu," nikamwambia.

"Sisemi."

"Hodi."

Tukakaa. Upande wa pili watu walianza kupenga kamasi. Wifi akatoa pini midomoni moja moja, akazichoma kwenye kola yake, ndipo akasema, "Siku ile nilikuwamo ndani."

"Siku ipi?" Nilijua, lakini kuna maswali ya adabu.

"Alipokuja huyo mtu wako. Nilisimamisha cherehani."

"Anajua. Cherehani yako ikinyamaza watu wanauliza kuna msiba wapi."

Akacheka kidogo, kisha uso ukamkunjamana kama wa mtoto. "Nilikuwa nimeshika komeo, wifi. Mkono uko juu ya komeo. Nikasema moyoni, akipiga ya nne nafungua. Akipiga ya nne, yote yameisha. Nikangoja ya nne." Akajifuta kwa kipande cha bitana. "Haikuja. Nikadhani hakuwa na haja sana."

Nilitaka kupiga kelele. Miaka minne! Mmoja amengoja hodi ya nne, mwingine kafundishwa hodi ni tatu, na aliyewafundisha wote wawili ni mama mmoja! Nilimhurumia, nikamhurumia na mume wangu na mkate wake kwapani. Na kwa kuwa ilikuwa saa ya kusema kweli, nami nikatoa yangu iliyokuwa imenikaa kama mfupa wa samaki.

"Wifi, mimi ndiye niliyemweka mbele. Nilijua hajalala. Na alipokoroma... nilicheka."

"Najua," akasema. "Nilikuona mlangoni. Meno yote thelathini na mawili."

"Na bado unakula chakula changu cha mchana kila siku?"

"Ningekula cha nani?" Akasimama, akakung'uta nyuzi kwenye gauni. "Lakini usimwambie neno. Niapie."

Nikaapa. Nilikwenda nyumbani nimefunga mdomo kwa mikono miwili. Mume wangu aliniuliza mara tatu kama naumwa jino.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mchezo. Saa sita mchana mume wangu alikuwa amerudi kutoka kazini, unga bado uko kwenye nyusi, amekaa sebuleni anasikiliza mpira redioni. Mimi niko jikoni nakata kitunguu. Mlango wa nje uko wazi kidogo kwa ajili ya hewa.

"Hodi!"

Sauti ile hata ukinizika nitaitambua. Kisu kikasimama. Nikasikia redio inapunguzwa, inapunguzwa, ikazimwa. Nikachungulia. Mume wangu amekaa wima, mikono juu ya magoti, anautazama mlango kama unaweza kumuuma. Alishaitambua naye.

"Hodi..."

Akanigeukia mimi. Macho yake yaliniomba nijibu. Wee! Ulimi wangu ulinipanda hadi kwenye meno, ukagonga, ukasukuma, "ka" ilishafika mdomoni kabisa. Lakini nilijua karibu yangu haimtoshi. Kwangu mimi anakaribishwa kila siku kazini. Nikaangalia kitunguu changu, machozi yananitoka, na nusu yake hayakuwa ya kitunguu. Nikasema moyoni: basi, bado moja, na huyu mkaidi asipoifungulia ya tatu, binamu mjane atampokea wifi na masanduku yake.

Tukangoja ya tatu. Haikuja.

Nje kimya. Hakuna nyayo za mtu anayeondoka, hakuna hodi. Saa ya jikoni inasema tik, tik. Mume wangu akasimama. Akaketi. Akasimama tena, akaenda hadi nyuma ya mlango, na kwa sauti iliyokauka akasema, "Mbona humalizi? Ya tatu iko wapi?"

Na wifi akajibu kutoka nje, taratibu, "Naiogopa. Nikiipiga usipojibu, itabidi niondoke."

Sijui mlango ulifunguliwaje, maana sikuona vizuri. Nilisikia tu. "Karibu, dada," mume wangu akasema. Kisha akairudia kwa nguvu, majirani wote wasikie, "Karibu! Karibu ndani!" Na nilipotoka jikoni nilikuta mtu mzima na unga wake usoni ameshikwa shavu na dadake kama alivyoshikwa alipokuwa wa miaka sita, na gauni jeusi la wifi lina alama kumi za vidole vyeupe mgongoni.

Tulikula. Mume wangu akamkatia mkate mwenyewe, lile pande la mwisho lenye ganda analolipenda dada yake, ambalo kwa miaka minne aliniambia mimi ni gumu, tuwape kuku wa jirani.

"Nasikia unahama," akasema, bila kumtazama. "Safari lini?"

"Safari gani?" akauliza wifi. Akamvuta shati. "Na hii kola nani kaishona hivi? Kipofu?"

"Mke wangu."

"Ndiyo nilivyosema."

Nilimwacha anitukane. Nilifurahi kama nini! Nikaenda kuleta chai, na niliporudi mume wangu alikuwa katikati ya hadithi ya tanuri jipya, "basi tukalifungua, tukakuta..." na hapo kidevu kikamshuka kifuani. Kazini tangu saa tisa usiku, ametoka kula, furaha imemlegeza. Nikasema Mungu wangu, si leo.

"Khrrrooo!"

Birika bado liko mkononi mwangu. Wifi aliweka kikombe chini. Akamtazama ndugu yake kwa muda mrefu, mdomo umembana, na sikujua kama ni kilio au kicheko kinachokuja. Kisha akasukuma kiti nyuma, akasimama katikati ya sebule yangu, kati ya meza na kabati, akanyoosha mikono.

"Kuna mtu anayenisikia?" akasema, kwa sauti ileile ya miaka minne nyuma.

"Khrrrooo," akajibu mume wangu.

Wifi akaendelea. "Kama yupo, asijibu kwa haraka, nimejifunza kungoja. Kama hayupo, mlango nitauacha wazi. Nimelea watu katika nyumba hii, nimewapoza homa, nimewazimia taa. Atakayerudi atarudi amechoka. Mwacheni alale kwanza, ndipo mumuulize alikuwa wapi."

Akashusha mikono. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, hadi nukta ya mwisho, na hakuna aliyecheka. Nilitua birika nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mume wangu akazinduka, akatazama huku na huku, akaanza naye kupiga makofi kwa bidii, hajui anampigia nani.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha," wifi akasema, akachomoa pini kwenye kola yake, akazitia midomoni, akamwambia avue hilo shati.